Ruiru: Kutoka Mibuni Hadi Majumba

Kabla ya majumba, Ruiru ilijulikana kwa kahawa. Hadi Julai 1989, mkataba wa kimataifa uliipa kila nchi mgao wake wa kuuza nje, na bei ikashikika. Mgao ulipovunjika, bei iliporomoka. Mavuno ya Kenya, yaliyokaribia tani 130,000 msimu wa 1987/88, hayajarejea kiwango hicho. Watafiti wa Ruiru walikuwa wametoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, inayohimili magonjwa, lakini hapakuwa na mbuni wa kuhimili bei mbovu.

Jirani yake Thika ilikuwa na viwanda, ingawa vile vya nguo viliumizwa na mitumba baada ya soko kulegezwa miaka ya 1990.

Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa 2012, ilipandisha thamani ya ardhi. Mji wa Tatu City unajengwa kwenye ekari zipatazo 5,000 zilizokuwa mashamba ya kahawa. Ulifanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 2017.

Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza, migodi ilipofungwa miaka ya 1980, walilipwa kiinua mgongo. Huku mwenye shamba aliuza ekari zake. Kibarua wa msimu, aliyelipwa kwa debe alilochuma, hakuwa na cha kuuza wala cha kudai.