Sherifu si Sharifu

Msanii wa Marekani akikamatwa usiku kule Los Angeles, kesho yake utasoma kwa Kiswahili kwamba mkuu wa polisi wa wilaya amethibitisha kuwa nyota huyo yuko gerezani. Sentensi ni fupi, lakini ina makosa mawili. Aliyethibitisha si mkuu wa polisi, na mahali alipolazwa huyo nyota si gerezani.

Tuanze na mtu. Sherifu ni ofisa wa kaunti anayechaguliwa na wananchi, na kwa Los Angeles hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka minne. Gavana hamteui, wala meya wa jiji hana amri juu yake. OCD wa kwetu Tanzania, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, akiboronga, barua ya uhamisho hutoka makao makuu. Sherifu hana makao makuu mengine zaidi ya ofisi yake mwenyewe. Sherifu Lee Baca wa Los Angeles alishinda uchaguzi mara nne kuanzia 1998. Alijiuzulu 2014, wakati FBI ikichunguza vipigo walivyokuwa wakipewa mahabusu ndani ya jela zake, na 2017 mahakama ya shirikisho ilimtia hatiani kwa kuukwamisha uchunguzi huo.

Kinachomtatiza mtafsiri ni wingi wa kazi za sherifu. Askari wa sherifu hufanya doria na kukamata wahalifu. Ndio pia wanaoendesha jela, wanaolinda vyumba vya mahakama na kupeleka hati za wito. Mpangaji aliyeshindwa kesi ya kodi akigoma kuhama, ndio wanaobisha hodi wakiwa na amri ya hakimu mkononi. Tanzania kazi hizo wamegawana watu watatu wasiokaa ofisi moja: OCD, mkuu wa gereza na dalali wa mahakama. Ukiandika "mkuu wa polisi", umemtaja mmoja na kuwaacha wawili. Isitoshe, Los Angeles ina mkuu wa polisi wake, wa jiji, anayeteuliwa, na yeye na sherifu hawaripotiani.

Hapa ramani inasaidia. Kaunti ya Los Angeles iliundwa 1850, mwaka uleule California ilipokuwa jimbo, na leo ina watu wapatao milioni 10. Ndani yake kuna miji 88 yenye mamlaka yake, Los Angeles ukiwa mmoja tu kati ya hiyo. Kuna bonde la jangwa la Antelope upande wa kaskazini, milima ya San Gabriel katikati, na baharini kisiwa cha Santa Catalina ambako sherifu ana kituo katika mji wa Avalon. Mahali pasipo na manispaa, kama East Los Angeles, polisi ni sherifu. Miji mingine humlipa awalinde kwa mkataba. Lakewood ilianza mtindo huo 1954, na Compton ililivunja jeshi lake la polisi mwaka 2000 ikamwita yeye. Zamani eneo lake lilikuwa pana zaidi. Sherifu James Barton aliuawa Januari 1857 akilifuatilia genge la Juan Flores, na mahali alipoangukia sasa ni Kaunti ya Orange, iliyojitenga 1889.

Kuhusu neno lenyewe, nakubaliana na wanaoandika "sherifu". "Kaunti" nayo haina tena haja ya kuelezwa tangu katiba ya Kenya ya 2010 ilipoifanya neno la kila siku. Tahadhari ni moja: irabu. Ukiteleza ukaandika "masharifu wa California", msomaji wa Lamu ataelewa kizazi cha Mtume. Maneno hayo hayana undugu wowote. Sharifu ni la Kiarabu, lenye maana ya mtukufu; la Waingereza limeungwa kutokana na maneno yao mawili ya kale, eneo na msimamizi, kwa kuwa mwanzoni alikuwa mtu wa mfalme mkoani. Uskoti mpaka leo "sheriff" ni hakimu, kwa hiyo habari ikitoka Glasgow mwandike hakimu, basi.

Msiwaite askari wake "manaibu" pia. Kiingereza humpa kila askari wa kawaida cheo cha udeputi, na hao ni maelfu. Kiswahili kina naibu waziri na naibu spika, mtu anayekaimu mkubwa wake akisafiri. Sentensi ya "manaibu sherifu wanne walimfukuza mwizi wa gari" inachekesha. Askari wa sherifu inatosha, na unaibu abaki nao yule mmoja anayemfuata sherifu kwa madaraka.

Sasa jengo. Kwetu jela na gereza ni kitu kimoja. Gereza lilikuja na Wareno, na ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani bado inaitwa hivyo. Jela tuliipata kwa Waingereza. Wamarekani wanazo nyumba mbili tofauti. Ile ya kaunti hupokea mtu siku ya kukamatwa: anaandikishwa, anachukuliwa alama za vidole, anasubiri dhamana au kesi. Ile ya jimbo hupokea aliyekwisha hukumiwa. Kwa kuwa tuna maneno mawili yasiyo na kazi mbili, tuyagawie: jela ya kaunti, gereza la jimbo. Men's Central Jail ya Los Angeles, iliyofunguliwa 1963, iwe jela. San Quentin, ya jimbo la California, iwe gereza.

Wapo wanaopendekeza "rumande" kwa jela ya kaunti. Ingefaa kama wote waliomo wangekuwa wanasubiri kesi, lakini wenye vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka, hutumikia humohumo. Tena 2011, baada ya mahakama ya shirikisho kuiamuru California ipunguze msongamano magerezani, jimbo lilipitisha sheria ya kuwaacha kwenye kaunti wafungwa wengi wa makosa yasiyo ya ukatili, hata wenye miaka kadhaa. Kwa hiyo ukikuta mtu amefungwa miaka mitatu katika jela ya kaunti, usidhani mwandishi amekosea ukambadilishia iwe gereza.