Mkopo wa Elimu ya Juu Tanzania: Kutoka Utumishi hadi Deni

Katika miongo ya mwanzo ya uhuru, gharama za mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania zilibebwa kwa sehemu kubwa na serikali, ambayo ilimdai utumishi badala ya fedha. Dai hilo halikupokelewa kwa shukrani na wote: Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga sharti la kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara, na Rais Nyerere akawafukuza karibu 400.

Mwaka 1992, hazina ikiwa imeelemewa, ulianza uchangiaji wa gharama, yaani utaratibu wa familia kubeba sehemu ya matumizi ya masomo. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, na tangu hapo uhitaji ukawa jambo la kuthibitishwa kwa nyaraka: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, saini ya mdhamini anayekubali kuwajibika kwa deni, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi, ambacho mara nyingi huwa kigumu kupatikana pale kifo kilipotokea kijijini bila kusajiliwa.

Marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya marejesho hadi asilimia 15 ya mshahara. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyolalamikiwa sana, na kwa haki, ilifutwa mwaka 2021.