Barabara ya Cape na Mashamba ya Zabibu

Leo twende Afrika ya Kusini, katika barabara ya Chapman's Peak. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili bahari, chini kabisa. Kazi ya kuichonga ilianza mwaka 1915, ikaisha 1922; na wengi waliovunja mawe yale walikuwa wafungwa.

Ng'ambo ya milima hiyo ndiko Constantia, shamba alilopewa Simon van der Stel, mkuu wa Cape, mwaka 1685. Wageni huenda kuonja mvinyo: hunusa kwanza, kisha hunywa funda moja. Lakini nani aliyeilima mizabibu hapo kale? Walikuwa watumwa kutoka Bukini, ndiyo Madagascar, na Msumbiji, Bara Hindi na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulikomeshwa 1834, ila waliambiwa wawatumikie mabwana wale wale miaka minne zaidi! Hata baadaye vibarua wengi walipewa vikombe vya mvinyo kuwa sehemu ya ujira wao, na ulevi ukavunja nyumba nyingi.

Upishi wa huko nao umetoka mikononi mwa watumwa hao. Kuna bobotie, nyama ya kusaga yenye bizari na zabibu kavu, imefunikwa kwa mayai na maziwa, ikaokwa. Mtu wa pwani yetu akiionja, bizari ile ataitambua.