Siku 105 za Jamhuri ya Zanzibar, na Dhahabu Isiyovuka Bahari

Mwanzoni mwa mwaka 1964 mfanyakazi wa mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, na mchuma karafuu wa Pemba walilipwa kwa sarafu moja: shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mbali na hiyo shilingi, walikuwa raia wa nchi mbili tofauti. Mmoja, wa Tanganyika, alikuwa na Rais, Julius Nyerere. Mwingine alikuwa na Sultani, Jamshid bin Abdullah, ambaye nchi yake ilikuwa imepata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 na haikumaliza hata miezi miwili.

Lakini watu wa pande hizo mbili walifahamiana zamani. Tangu enzi za misafara Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na kuvuka hadi Unguja, na baada yao wakaja vibarua kutoka bara kufanya kazi katika mashamba ya karafuu. Wengi hawakurudi. Wakaoa, wakazaa, wakaingia katika siasa za visiwani, ambako waliitwa wabara hata pale walipokuwa na wajukuu waliozaliwa Ng'ambo. Chama cha Afro-Shirazi, kilichoanzishwa mwaka 1957 chini ya Abeid Amani Karume, kilipata nguvu kubwa kutoka kwa watu wa namna hiyo.

Uchaguzi wa Julai 1963 ndio uliotia moto. Afro-Shirazi ilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31, maana kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Serikali ikaundwa na muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP. Serikali hiyo ikafanya kosa ambalo, kwa maoni yangu, liliigharimu kuliko hotuba yoyote ya wapinzani: iliwaondoa kazini askari polisi wengi wenye asili ya bara. Watu waliofunzwa kushika bunduki, wanaojua ghala liko wapi na zamu inabadilishwa saa ngapi, wakaachwa mitaani wakiwa na kinyongo.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 makundi ya watu wenye mapanga na silaha za jadi yalivamia kituo cha polisi cha Ziwani na kambi ya Mtoni, yakavunja maghala na kujitwalia bunduki. Sauti iliyosikika redioni ilikuwa ya John Okello, mtu wa Uganda aliyekuwa ameishi Pemba, akijiita Field Marshal. Sultani alipanda meli na familia yake, na safari ikaishia Uingereza. Yaliyofuata mashambani na mitaani hayapendezi kusimuliwa. Waarabu wengi waliuawa, idadi yao inabishaniwa hadi leo, na maelfu wakakimbilia Oman, Mombasa na Dar es Salaam. Historia inayoruka sehemu hiyo haitoshi.

Hivyo ikazaliwa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar na Pemba: Karume Rais, Abdulla Kassim Hanga Makamu wa Rais, Abdulrahman Babu Waziri wa Mambo ya Nje. Okello alisukumwa pembeni, na kufikia Machi hakuruhusiwa tena kukanyaga visiwani. Jamhuri iliishi siku 105.

Na bara nako hakukuwa shwari. Tarehe 20 Januari askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara na maafisa wa Kiafrika. Kesho yake uasi ukafika Tabora. Kwa siku chache Rais wa Tanganyika hakuonekana hadharani. Tarehe 25 Januari ilibidi makomando wa Kiingereza waje kuwanyang'anya askari wake silaha. Kwa mtu kama Nyerere hiyo ilikuwa aibu kubwa, na bila shaka hakuisahau alipoanza kufikiria Zanzibar, visiwa vilivyoanza kupokea wataalamu wa China na Ujerumani Mashariki huku Wamarekani wakinong'ona kuhusu Kuba ya Afrika.

Shirikisho la Afrika Mashariki lililoahidiwa Nairobi na Nyerere, Kenyatta na Obote mnamo Juni 1963 lilikuwa limekwama. Kilichowezekana kilikuwa hiki kidogo. Tarehe 22 Aprili 1964 Nyerere na Karume walitia saini Hati ya Muungano mjini Zanzibar. Tarehe 25 Bunge la Tanganyika likairidhia, na tarehe 26 nchi ikawa moja. Picha inayojulikana zaidi ni ya Nyerere akichanganya udongo wa pande mbili. Karume akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, Rashidi Kawawa wa Pili. Jina la Tanzania lilikuja baadaye, Oktoba mwaka huo huo.

Sasa turudi Mwadui, tupitie na Geita, maana hapa ndipo hadithi inapomgusa msomaji wa Kanda ya Ziwa. Mwadui ilikuwa imegunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940. Baada ya kifo chake Januari 1958 mgodi ukawa wa De Beers na serikali, nusu kwa nusu. Geita, wakati huo wilaya, ilikuwa na mgodi wa dhahabu ambao ungefungwa mwaka 1966. Waziri wa Fedha alikuwa Paul Bomani, aliyejijengea jina katika ushirika wa pamba wa kanda hiyo hiyo. Ungedhani watu waliokuwa wakiunganisha nchi wangeanza na utajiri. Hawakufanya hivyo. Orodha ya mambo ya Muungano ilikuwa na mambo 11: ulinzi, polisi, uraia, mambo ya nje, kodi ya mapato, ushuru wa forodha, bandari na mengineyo ya aina hiyo. Almasi na dhahabu hazikutajwa. Ilikuwa hati ya usalama kwanza.

Orodha ikaendelea kukua. Sarafu iliongezwa mwaka 1965, na mwaka uliofuata ikaja shilingi ya Tanzania. Mwaka 1968 yakaingia mafuta na gesi asilia. Dhahabu ikabaki nje.

Utata uko hapa. Zanzibar iliingia katika Muungano ikabaki na serikali yake. Tanganyika iliingia ikapoteza jina na serikali, na mambo yake yasiyo ya Muungano yakakabidhiwa Serikali ya Muungano iyaendeshe. Kwa hiyo mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa upya mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu ulipoanza kuzalisha Kahama mwaka 2001, mwenye mamlaka alikuwa waziri wa Muungano aliyefanya kazi isiyo ya Muungano. Mrabaha ni wa bara. Kodi ya mapato ya kampuni inayochimba ni jambo la Muungano. Si ajabu kwamba kwenye kijiwe cha kahawa pale Geita mtu anaweza kulalamika kuwa dhahabu yao inajenga Unguja, na kule Unguja mwingine akalalamika kuwa bara inakula peke yake, na wote wawili wakawa hawajasoma sheria.

Zanzibar ilidai mafuta yake kwa miaka mingi, na mwaka 2016 ikatunga sheria yake ya mafuta na gesi baada ya sheria ya Muungano ya 2015 kufungua mlango. Kuhusu dhahabu hakukuwa na la kudai. Mwenye shaka afungue Katiba ya 1977, Nyongeza ya Kwanza, asome mambo 22 yaliyomo, kisha asome Sheria ya Madini ya 2010, ambayo inatumika Tanzania Bara tu.