Kidete Ikipiga Yowe, Nani Anaitika?

Kidete, mbuzi akiibwa usiku, kinachotangulia ni yowe. Mwenye zizi anapiga, jirani anaitikia, filimbi inalia ng'ambo ya korongo, na tochi za simu zinaanza kuwaka moja moja mteremkoni. Vijana wanatoka na fimbo, wengine na sime. Mmoja anainama, anamulika mchanga, anatafuta kwato zimeelekea wapi. Saa nzima inaweza kupita kabla mtu hajakumbuka kupiga simu polisi, wala hakuna anayelaumiwa kwa hilo, maana umbali uliopo kila mtu anaujua.

Kata hii imekaa katika bonde la mto Mkondoa, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, pale reli ya kati inapopenya milima kuelekea Gulwe na Dodoma. Mto huo una hasira. Katika mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, bwawa la Kidete lilipasuka, maji yakaing'oa reli na kuingia hadi mjini Kilosa. Leo treni ya umeme inapita bonde hilo hilo kwa kasi ambayo wazee hawakuiota. Reli ina kikosi chake cha polisi. Kitongoji kina yowe.

Swali zito huja asubuhi. Mbuzi hakupatikana, au amepatikana, lakini kijana aliyeshikwa naye amepigwa hadi kufa. Nani atasimama mbele ya watu aseme, hili ni langu, mniulize mimi? Mwenyekiti wa kitongoji? Mtendaji? Mkuu wa polisi wa wilaya? Mkuu wa wilaya mwenyewe? Nimelifuata swali hilo nyuma katika historia, na kila nilipofika nimekuta kazi ya kulinda imeshushwa kwa mwanakijiji huku kuwajibika kukipandishwa juu, mahali asipofika.

Tuanze na misafara. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipita bonde la Mkondoa mwaka 1857, Stanley akafuata 1871, na kabla yao na baada yao walipita maelfu ya wapagazi wa pembe ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ng'ambo ya milima, Ugogo, msafara ulitoa hongo. Siku hizo neno hilo halikuwa na aibu. Hongo ilikuwa ushuru wa njia: unampa mtemi nguo na shanga, unachota maji yake, unapita salama. Ukiibiwa katika nchi yake, unajua pa kwenda kudai. Leo neno ni lile lile, na maana yake imegeuka kabisa.

Kisha ikaja karatasi. Novemba 1884, Msovero, ndani ya Kilosa ya leo, chifu Mangungo aliwekeana mkataba na Mjerumani Carl Peters, na kwa mikataba ya namna hiyo Usagara yote ikahesabiwa kuwa mali ya kampuni ya Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wao alitoa barua, nayo iliitwa barua ya ulinzi. Jeshi lililokuja baadaye nalo liliitwa kikosi cha ulinzi. Watu wa Kilosa walioingia katika vita vya Maji Maji mwaka 1905 walikwishajua ulinzi ule ulikuwa wa nani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma 1910, kwa hiyo ilipita Kidete katikati ya miaka hiyo. Akida na jumbe, watumishi wa Wajerumani vijijini, walitakiwa kuleta kodi, vibarua na wahalifu. Waingereza nao, kwa sheria yao ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, waliwapa machifu jukumu la kutunza amani. Wakati wote huo mlinzi alijibu kwa yule aliyemtuma. Aliyelindwa hakuulizwa kitu.

Uhuru ulibadilisha mengi. Mwaka 1962 wakuu wa mikoa walishika nafasi za maofisa wa kikoloni, na mwaka uliofuata uchifu ukafutwa. Chama tawala, TANU, kikaleta mabalozi wa nyumba kumi, na kwa mara ya kwanza ulinzi ukawa na mtu unayemfahamu kwa jina, anayejua mgeni gani amelala kwa nani. Mwongozo wa TANU wa 1971, ulioandikwa baada ya Wareno kuivamia Guinea na Idi Amin kuipindua serikali ya Obote nchini Uganda, ulitaka umma wenyewe ujifunze kujilinda. Mgambo wakapatiwa sheria mwaka 1973, na mwaka 1975 wakaongezewa mamlaka ya kukamata. Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo. Neno lililokuwa la mwito likawa jina la kijana mwenye sare na rungu.

Hapo ndipo tunafika kwenye tukio ambalo kila anayezungumzia uwajibikaji katika nchi hii lazima alitaje. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha msako kufuatia mfululizo wa mauaji. Watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowashika. Januari 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakuwa ameshika fimbo wala kutoa amri ya kumpiga mtu. Alijiuzulu kwa sababu wizara ilikuwa yake, na viongozi wengine waliondoka pamoja naye. Alikwenda kuwa balozi Misri, na mwaka 1985 akawa Rais. Alipofariki Februari 2024, wengi walimkumbuka kwa kitendo kile kabla ya mambo aliyoyafanya Ikulu, na naamini walikuwa sahihi. Kuwajibika kisiasa ni huku: kubeba kosa la chombo unachokisimamia hata kama mkono wako ni safi.

Miaka michache baadaye, kwenye mikoa hiyo hiyo, wananchi walichukua hatua yao. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha bunduki mitaani, wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, na polisi walikuwa mbali au hawaaminiki. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama na maeneo ya jirani, Wasukuma na Wanyamwezi wakaunda sungusungu, jina la wale chungu weusi watembeao kwa msururu na kuuma kwa pamoja. Walikuwa na mtemi wao, kamanda wao, filimbi, pinde na mishale. Mwizi alitozwa faini, na aliyekaidi alitengwa: hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumzikia mtu wake. Ng'ombe walianza kulala zizini bila hofu.

Lakini watu pia waliuawa, na mahakama zikawatia hatiani baadhi ya walinzi hao. Chama na serikali vilikuwa njia panda, maana kuwakataza ilikuwa kukiri kwamba dola haina cha kuwapa badala yake. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa, na sungusungu wakapewa nguvu ya kukamata. Augustine Mrema, Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1990, akawaingiza mijini. Kitu kimoja kilisahauliwa kuandikwa vizuri: sungusungu akikosea, nani juu yake anawajibika? Kwa miaka yote hii jibu limekuwa kwamba anashtakiwa yeye, maskini aliyepewa fimbo, na mkubwa aliyempa fimbo anaendelea na hotuba.

Na Kilosa ililipa gharama ya pengo hilo. Wilaya hii ina Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wanaolima. Ina Wamasai wa Parakuyo ambao wamechunga hapa tangu karne ya 19. Ina mashamba makubwa ya mkonge yaliyokula ardhi nzuri ya bondeni kisha mengi yakabaki pori. Na baadaye imepokea wafugaji wengine waliohamishwa kwingine. Ng'ombe akiingia kwenye mahindi, walinzi wa jadi wa wakulima wanamkamata. Faini inadaiwa. Mfugaji anaona ameporwa. Morani, vijana wapiganaji wa Kimasai, wanakusanyika upande mmoja. Upande wa pili linaitishwa jeshi la jadi la wakulima, ambalo Morogoro linajulikana kwa jina la mwano. Pande zote mbili zinasema zinajilinda.

Ijumaa ya tarehe 8 Desemba 2000, katika mwezi wa Ramadhani, morani waliivamia Rudewa Mbuyuni. Watu 38 waliuawa. Mgogoro ule haukuota usiku mmoja. Ulikuwa na barua, vikao, mifugo iliyokamatwa, faini zilizobishaniwa, na ofisi ambazo milango yake ilibishwa hodi mara nyingi. Kila mtu wilayani alijua. Januari 2009 ilikuja operesheni ya kuondoa mifugo, ng'ombe wakahamishwa kwa maelfu, na uhasama ukabaki pale pale. Desemba 2016 nchi nzima iliona picha ya mkulima wa Kilosa aliyechomwa mkuki uliopenya mdomoni ukatokea shingoni. Aliponea chupuchupu. Picha ile haijanitoka, na nikiitazama najiuliza ni mikutano mingapi ya ulinzi na usalama ilikuwa imefanyika kabla ya mkuki ule kurushwa.

Katikati ya hayo polisi nao walijaribu kusogea karibu: mwaka 2006, Inspekta Jenerali wa Polisi Said Mwema alileta polisi jamii na ulinzi shirikishi, na miaka ya karibuni wakaguzi wa polisi wamepangiwa kata. Ni jambo jema. Askari anayejua jina la mwenyekiti na njia za mkato ana thamani kuliko gari tano zinazokuja siku ya pili. Kenya nao walikopa nyumba kumi zetu mwaka 2013, baada ya shambulio la jengo la Westgate jijini Nairobi.

Nigeria inafaa kutazamwa hapa, kwa sababu huko swali letu linasemwa kwa sauti. Kila gavana kati ya magavana 36 wa majimbo huitwa mkuu wa usalama wa jimbo lake, lakini katiba yao ya 1999 inasema jeshi la polisi ni moja, la shirikisho. Gavana anaweza kumpa maelekezo kamishna wa polisi, na kamishna anaweza kutaka jambo hilo lipelekwe kwanza kwa Rais. Wananchi wanamlaumu gavana, gavana anaonyesha kidole Abuja, kwenye serikali ya shirikisho. Januari 2020 majimbo sita ya kusini magharibi yalizindua Amotekun, kikosi chao cha ulinzi, chanzo kimojawapo kikiwa migogoro ile ile tunayoijua ya wachungaji na wakulima. Mabunge ya majimbo yakakitungia sheria. Ubaya wake upo, maana kikosi cha jimbo kinaweza kugeuka fimbo ya gavana. Ila angalau aliyekianzisha anaomba kura za wale wanaolindwa.

Kwetu mambo yamepinda namna nyingine. Katiba yetu, ibara ya 146, inaweka ulinzi wa wananchi miongoni mwa kazi za serikali za mitaa. Halmashauri ya kijiji ina kamati yake ya ulinzi na usalama, na mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa kwa kura. Lakini mwenyekiti huyo hana mshahara, hana askari, hana hata mafuta ya pikipiki. Anayeongoza kamati ya usalama ya wilaya ni mkuu wa wilaya, mteule wa Rais, ambaye sheria ya 1997 inamruhusu kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Nguvu iko kwake, kura iko kwa mwenyekiti. Diwani anaweza kumhoji mkurugenzi kuhusu matundu ya vyoo vya shule, na asiweze kumhoji yeyote kuhusu usiku ule ambao doria haikufika.

Juu kabisa, mara nyingine, mtu huwajibishwa. Desemba 2013, baada ya kamati ya Bunge kueleza mateso yaliyofanywa katika Operesheni Tokomeza, msako wa kupambana na ujangili, mawaziri wanne waliondoka kwa siku moja. Wafugaji walikuwa miongoni mwa walioumizwa. Hilo lilithibitisha kwamba njia ya mwaka 1977 haijazibwa. Imebaki juu tu, ngazi ya wizara, na watu kama wa Kidete wanahitaji ishuke hadi wilayani.

Nasema wazi ninachotaka. Taarifa ya kamati ya usalama ya wilaya kuhusu migogoro ya ardhi na mifugo isomwe mbele ya madiwani, na siri zibaki zile za kweli tu. Walinzi wa jadi waandikwe kwenye daftari, wafundishwe mipaka ya mamlaka yao, na anayewatuma atie sahihi jina lake. Mgogoro ulioripotiwa mara tatu bila hatua ukizaa maiti, mkuu wa eneo hilo aondoke.

Na kwa msomaji wa Kidete: sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu. Nenda. Ukifika muda wa maswali, mwombe mtendaji asome kitabu cha matukio ya usiku, tarehe kwa tarehe, na aseme kila yowe lilijibiwa na nani. Mkutano usifungwe kabla hajamaliza.