Sahihi, Saini, na Kadi Isiyo Nyekundu

Mpwa wangu alikuja Pajulu likizo akitokea Koboko, na kabla hajaweka begi chini akaniuliza: "Mjomba, mama anasema una kadi ya mchezaji. Nyekundu au ya njano?"

Hakuwa anatania. Mtoto wa West Nile, Uganda, ambaye mpira kwake ni timu ya Onduparaka na uwanja wa Green Light, anajua kwamba mchezaji hupewa kadi na refa, na hakuna anayeipeleka nyumbani kuitunza. Nikafungua Biblia ya marehemu baba, nikatoa bahasha ndogo ya nailoni iliyolala kati ya Zaburi na Mithali. Ndani yake mna kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa karata. Mbele kuna picha ya kijana aliyeinua mguu wa kushoto hadi kifuani, tayari kurusha mpira. Nyuma kuna safu za takwimu ndogo kama sisimizi. Na juu ya suruali nyeupe ya yule kijana, mkwaruzo wa wino wa bluu: herufi moja kubwa, kisha wimbi, kisha mkia.

"Nani ameichafua?"

"Ameandika mwenyewe. Hilo ni jina lake."

Akaisogeza dirishani, akaigeuza juu chini. "Kwani hakusoma?"

Kadi hiyo nililetewa na binamu yangu anayeishi Pennsylvania, na ndiye aliyeniambukiza besiboli. Ugonjwa wenyewe hauna dawa huku. Pittsburgh wakianza mchezo saa moja jioni kwao, Pajulu ni saa nane usiku. Los Angeles wakianza saa hiyohiyo ya kwao, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri na majogoo wameshaanza. Kwa kuwa bando la kutazama picha ni ghali, mimi husikiliza tu, simu ikiwa chini ya mto, mke wangu akigeukia ukutani. Timu yangu ni Pirates wa Pittsburgh. Tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia uwanjani na jezi yao, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani humu kucheza ligi kuu ya Marekani, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira wa Jon Lester na kufika kituo cha kwanza salama. Ukishaanza kushabikia timu kwa sababu kama hiyo, huwezi kuhama.

Lakini nimekusudia kuandika juu ya maneno, na la kwanza ni hilo lililomchanganya mpwa wangu.

Kiswahili kina kadi ya refa, kadi ya harusi, kadi ya chama na kadi ya kliniki. Kina pia karata, tulizoletewa na Wareno, na karatasi, iliyokuja kwa njia ya Kiarabu. Ukiyafuatilia maneno haya hadi asili yake yanakutana: kadi, karata na karatasi yote ni wajukuu wa neno moja la Kigiriki lililotaja ukurasa wa mafunjo, na kila mmoja aliingia nyumbani kwetu kwa mlango wake. Kwa hiyo sioni haja ya kubuni neno jipya. Mimi husema "kadi ya picha", au "kadi ya besiboli" msikilizaji anapoujua mchezo, na kadi ya kwanza kabisa ya mchezaji aliyepanda ligi kuu naiita "kadi ya ugeni". Nilijaribu kusema "karata ya mchezaji", jirani akadhani nimeanza kucheza kamari.

Zilianza kwenye pakiti za sigara. Kipande cha karatasi ngumu kilitiwa humo ili pakiti isibonyee, kisha kikachapwa picha ili mvutaji atake ya pili. Baadaye zikahamia kwenye bigijii za watoto. Ile ya Honus Wagner, ya miaka ya 1909 hadi 1911, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25, ya Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, ikauzwa mwaka huohuo kwa dola milioni 12.6. Kinachonichekesha ni kwamba Topps wenyewe walizikosea hesabu. Makasha ya kadi za 1952 yaliyokosa mnunuzi yaliwasumbua ghalani hadi mwaka 1960, wakayapakia kwenye tishari na kuyamwaga baharini, Atlantiki.

Kadi nyingi, hata hivyo, si mali. Kinachobadilisha bei ya kadi ya kawaida ni ule mkwaruzo wa wino, na hapa ndipo mfasiri anapokwama.

Kiingereza kinatenga mambo mawili. "Signature" ni alama ya mtu inayomfunga: ya hundi, ya mkataba, ya fomu. "Autograph" ni mwandiko wa mkono wake anaoutoa bure au kwa bei ili mwingine auweke kama kumbukumbu. Kwa Kigiriki ni kuandika mwenyewe, hakuna zaidi. Kiswahili kina maneno mawili pia, saini na sahihi, lakini tumeyatumia kama mapacha waliovalishwa nguo moja. Fomu hii imeandikwa "Saini ya mwombaji", ile imeandikwa "Sahihi ya mwombaji", na mwombaji anachora kitu kilekile.

Wapo wanaosema "otografu". Sina ugomvi na maneno ya mkopo. Besiboli yenyewe ni mkopo. Ila sikopi sukari kwa jirani wakati kwangu imejaa kopo.

Saini tumeichukua kwa Waingereza, na imebaki na harufu ya ofisi. Magazeti ya michezo ya Tanzania hayasemi tu mchezaji amesaini, yanasema amemwaga wino, na kila msomaji anajua ni wino wa mkataba. Sahihi ina ukoo mwingine. Imetoka katika Kiarabu, mzizi uleule uliotupa siha, na kitu sahihi ni kizima, hakina ila. Mwalimu akisahihisha madaftari anayaponya. Kwamba Waswahili walilichukua neno hili wakaliita jina la alama ya mkono wa mtu si jambo dogo: alama yangu ndiyo inayolifanya neno langu kuwa zima.

Mtego wake niliuonja mwenyewe. Katika benki moja, ambayo si lazima niitaje, karani alilinganisha karatasi yangu na ile niliyojaza miaka kumi kabla, akatikisa kichwa, akaniambia kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha tuliyokutana nayo: "Mzee, sahihi yako si sahihi." Watu kwenye foleni wakacheka. Nilirudi nyumbani bila pesa, ila na sentensi hiyo, na hadi leo naona inaeleza biashara ya kadi kuliko kitabu chochote.

Maana swali kubwa la mkusanyaji ni lile la karani. Uzuri wa mwandiko si hoja. Anataka kujua kama ni mkono wa mwenyewe. Miaka ya 1990 soko la Marekani lilijaa sahihi za kughushi, hadi shirika la upelelezi, FBI, likafanya msako mkubwa lililouita Operation Bullpen. Miongoni mwa bidhaa za wale waghushi ilikuwemo mipira ya besiboli yenye jina la Mama Teresa. Naye Tony Gwynn, mpigaji hodari wa San Diego, aliingia katika duka la timu yake mwenyewe akakuta vitu vyenye jina lake ambavyo mkono wake haukuvigusa.

Mwaka 1990 kampuni ya Upper Deck ilikuwa imepata dawa moja: Reggie Jackson alitia sahihi kadi 2,500, zikachanganywa humohumo kiwandani kwenye pakiti za kuuzwa, ili aliyebahatika ajue hakuna mkono wa dalali uliopita katikati. Tangu hapo kadi zenye sahihi kutoka kiwandani zimekuwa kawaida, ingawa siku hizi nyingine ni ujanja ujanja. Mchezaji hupelekewa karatasi ya stika, anaisaini nyumbani, kisha stika inabandikwa juu ya kadi ambayo hajawahi kuiona. Wakusanyaji wanazinung'unikia, na mimi nipo pamoja nao. Hizo ndizo ningeziita kadi zenye saini.

Dawa ya pili ilikuja mwaka 2001, pale ligi kuu ilipoanzisha mpango wake wa uthibitisho. Shahidi, mara nyingi askari polisi au aliyestaafu, anakuwepo na kumwona mchezaji akiandika, halafu anabandika nembo ndogo ya kumetameta yenye namba. Asiposhuhudia kwa macho yake habandiki, hata kama mwandiko haumtii shaka.

Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi. Baba mdogo alipouza kipande cha ardhi hapa Pajulu, maandishi yalifanyika chini ya mwembe, kwenye karatasi ya mistari iliyochanwa katikati ya daftari la shule. Muuzaji akaandika jina, mnunuzi akaandika jina, majirani wa mipakani wakaandika. Bibi hakujua kusoma. Mwenyekiti wa kijiji (LC1) alikishika kidole chake gumba, akakigandamiza kwenye pedi ya mhuri, akakiviringisha taratibu juu ya karatasi kutoka ukucha hadi ukucha, na bibi akajifuta rangi ya zambarau kwa jani la mgomba huku akisonya. Miaka mingi baadaye ugomvi ulipozuka, hakuna aliyekitazama kile kidole. Wazee waliuliza: nani alikuwepo?

Wanazuoni wa hadithi za Mtume wangewaelewa wazee hao haraka. Kwao hadithi huwa sahihi, au hasan, au dhaifu, na kipimo kikuu ni isnadi: nani kasikia kwa nani, aliyesikia kwa nani, mpaka kufika kwa msemaji. Kiungo kimoja kikitiwa shaka, mnyororo wote unalegea. Wakusanyaji wa kadi huulizana swali hilohilo juu ya njia ambayo kadi imepitia, mkono hadi mkono, na sioni kwa nini tuhangaike kutafuta istilahi yake. Isnadi inatosha. Yangu ni fupi: mrushaji aliandika akiegemea ukuta wa uwanja, binamu yangu akamwona, binamu akanikabidhi mimi.

Basi ninachopendekeza ni kuwatenganisha hawa mapacha. Saini ibaki ya mkataba, kile ambacho ofisi inakitaka kwako. Sahihi iwe ile ambayo watu wanaiomba.

Tofauti hiyo haijakaa kwenye kamusi tu. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walikwenda Kutno, Poland, wakaishinda timu ya Saudi Arabia na kupata nafasi ya kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Hawakwenda. Marekani iliwanyima viza kwa sababu nyaraka za umri za baadhi yao hazikukubaliana, nafasi ikarudi kwa wale Wasaudi. Gongo lao lilikuwa sahihi, karatasi zao hazikuwa. Januari 2012 watoto wa Langley, Kanada, ambao wangekutana nao kule, walifunga safari hadi Uganda kucheza mechi iliyopotea, na wenyeji wakashinda 2-1. Agosti mwaka huo timu ya Lugazi ikafika Williamsport, ya kwanza kutoka Afrika, na ikawafunga wa Gresham, Oregon, 3-2. Mwaka 2015 Uganda ikarudi na kuishinda Jamhuri ya Dominika 4-1. Williamsport ina desturi yake: watazamaji, watu wazima wenye mvi, hujipanga kuwaomba watoto wa miaka 12 waandike majina yao juu ya mipira. Huwa nawaza kuhusu mtoto wa Lugazi ambaye hadi siku hiyo jina lake aliliandika juu ya daftari la hesabu tu, akikabidhiwa kalamu na mpira mweupe.

Tangu hapo saini zimeanza kuja. Mwaka 2022 Umar Male na Ben Serunkuma walimwaga wino kwa Los Angeles Dodgers. Mwaka uliofuata mrushaji David Matoma akamwaga wake kwa Pirates, na mimi nikaamka saa nane usiku siku ambayo hapakuwa hata na mechi. Ligi ndogo ni ngazi ndefu, na wengi hushukia katikati. Kadi ya ugeni yenye sahihi ya Mganda ndiyo ninayoingoja, na katika Biblia ya baba nimeshaitengea nafasi, kwenye Kutoka.

Yote haya nilimweleza mpwa wangu, kwa kifupi kuliko nilivyoandika hapa. Alisikiliza hadi kwa Mama Teresa, akatoka nje. Jioni akarudi na kipande cha boksi la biskuti alichokikata kwa kisu cha jikoni. Mbele alikuwa amechora mtu mwenye gongo, kichwa kikubwa, miguu ya kijiti. Nyuma, magoli aliyofunga darasa la nne na la tano, maana hana takwimu nyingine. Akaomba kalamu yangu, akaandika jina lake kwa herufi za kutenganisha, moja moja, bila wimbi wala mkia.

"Wachezaji huandika haraka," nikamwambia.

"Wasipoweza kulisoma watajuaje ni langu?" Akapuliza wino ukauke, akanisogezea kadi pamoja na kalamu. "Sasa na wewe mjomba, andika hapa chini kwamba uliniona."