Ushanga si Ukoo

Kwetu Mtwapa kuna kopo la kahawa ambalo halijaona kahawa tangu nizaliwe. Ndani yake mna shanga saba, ndogo kama punje za mtama, nyekundu kama tofali. Nyanya aliziokota shambani akiwa msichana, mvua ilipoosha udongo. Kila Idi mjomba hulifungua kopo hilo mbele ya wageni na kutoa hukumu ile ile: "Hizi zilitoka Shirazi. Na sisi pia."

Nilipohamia Nairobi, stori hiyo ikawa kama kitambulisho changu cha pili. Mtu akiuliza, "Kwani we ni kabila gani?" mimi nilijibu kwa shanga. Hadi siku niliposoma jinsi shanga zinavyopimwa kwa leza.

Leza ya kwanza iliwaka Marekani mwaka 1960. Kufikia 1962 tayari watafiti walikuwa wanaielekeza kwenye vitu vigumu ili wasome elementi zilizomo. Katika miaka ya 1980 wakaiunganisha na mashine ya kupima uzito wa atomu, na hapo ndipo kazi ya shanga ilipopata chombo chake. Zamani, ukitaka kujua kioo kimeundwa kwa nini, mara nyingi ulilazimika kukisaga na kukiyeyusha kwa asidi. Jibu ulipata, lakini ushanga wenyewe kwaheri.

Leza haina fujo hiyo. Ushanga unawekwa ndani ya kijisanduku, mwali unatoboa tundu ambalo hulioni bila darubini, na vumbi linalotoka linapeperushwa na gesi hadi kwenye moto wa maelfu ya nyuzi. Humo atomu zinapata chaji, halafu mashine inazipanga kwa uzito na kuzihesabu. Ushanga unarudi kwenye kabati lake, mzima.

Sasa, kioo ni mchanga uliopikwa pamoja na magadi au majivu ya mimea, na mchanga haufichi kwao. Kila mchanga una chembe zake: bariamu, uraniamu na nyinginezo, kwa viwango vidogo mno. Mwaka 2008 kundi la watafiti, akiwemo Mkenya Chapurukha Kusimba, lilichapisha vipimo vya leza vya shanga za kale za Kenya na za Asia Kusini. Ikaonekana kuna makundi mawili ya kioo chenye alumina nyingi. Moja lina bariamu nyingi na uraniamu kidogo, nalo linahusishwa na India ya Kusini na Sri Lanka. La pili limegeuza mambo: uraniamu nyingi, bariamu kidogo. Kundi hili la pili ndilo lililounganisha shanga za Kenya na Chaul, bandari ya kale ya magharibi mwa India.

India, jamani. Si Shirazi.

Nilikaa na simu mkononi nikihisi kama nimenyang'anywa kitu. Halafu nikajiuliza: nani aliniambia kwamba mahali ulikotoka ushanga ndiko alikotoka aliyeuvaa? Viatu vyangu vimetoka China, na hakuna aliyewahi kuniita Mchina.

Kosa hilo si la mjomba peke yake. James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gede mwaka 1948, aliandika katika kitabu chake cha 1964 kwamba majengo ya kale ya pwani ni ya Waarabu na Waajemi, si ya Waafrika. Alichokuwa nacho ni vyombo vya China, vioo na shanga za kigeni. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate (ndiyo, kuna mji wa kale unaoitwa Shanga), na chini ya msikiti wa mawe akakuta alama za misikiti midogo ya miti. Mji ulikuwa umekua hapo hapo, hatua kwa hatua.

Lakini mjomba naye hakukosea kabisa. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa DNA ya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Mtwapa ikiwemo. Upande wa mama, ukoo ni wa Kiafrika kwa sehemu kubwa. Upande wa baba, wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000. Kwa hiyo Waajemi walikuja kweli. Ila kopo la nyanya haliwezi kulithibitisha hilo, kwa sababu damu na shanga zilipanda majahazi tofauti.

Idi iliyopita mjomba alipofungua kopo, nilimweleza yote haya, pole pole, kwa heshima. Alinisikiliza hadi mwisho. Nikamwambia shanga zetu hazijapimwa, lakini kwa rangi na umbo nikilazimishwa kubahatisha ningesema India.

Aliuchukua ushanga mmoja, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Na mwanamke aliyezidondosha pale shambani," akauliza, "hiyo leza yako inamjua jina?"

"Hapana, mjomba."

"Haya," akasema, akaurudisha ushanga ndani na kumpa kopo mgeni aliyekaa karibu naye, naye atazame.